Tamthiliya za Kigeni na Mtoto wa Darasa la Kwanza

Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba Mwingereza hawezi kukaa mbele ya televisheni akatazama mchezo unaosemwa kwa lugha asiyoijua. Lugha yake imeenea duniani, naye huikuta karibu kila aendako. Ya nini ajitaabishe kusoma maandishi ya tafsiri chini ya picha? Imani hiyo ilitikisika mwaka 2011, pale BBC Four, chaneli ndogo ya shirika la utangazaji la Uingereza, ilipoonyesha tamthiliya ya Denmark iitwayo Forbrydelsen. Msimu wake wa kwanza una sehemu 20, zote zikifuata upelelezi wa mauaji ya msichana mmoja, na wahusika wake husema Kideni mwanzo hadi mwisho. Watazamaji waliipenda mno. Mwaka 2012 ikafuata Borgen, hadithi ya kubuni ya mwanamke anayekuwa Waziri Mkuu wa Denmark, nayo ikapokewa vizuri. Mwaka 2016 Channel 4 ilianzisha huduma maalumu, Walter Presents, kwa ajili ya tamthiliya za lugha za kigeni.

Hapana shaka mwanachuo atauliza: habari hizi za Uingereza zamhusu nini mwalimu wa shule ya msingi hapa Ufipa? Jibu langu ni kwamba zamhusu sana. Kila mwaka watoto wa nyanda hizi huingia darasa la kwanza na kukuta mchezo unaosemwa kwa lugha ambayo wengi wao hawajaizoea. Tofauti ni kwamba Mwingereza akichoka huzima televisheni akaenda kulala. Mtoto wetu hana ruhusa ya kuzima. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini tamthiliya za kigeni huvuta watu, na kutetea rai moja: mwalimu wa madarasa ya mwanzo yampasa kuwa kama maandishi yale ya chini ya picha, asiwe sauti inayofunika sauti nyingine.

Kivutio ni nini?

Kwanza, maandishi humlazimu mtu kutazama. Mchezo wa lugha yako waweza kuusikiliza huku unachambua maharage au unazungumza na jirani. Lakini mchezo wa lugha ngeni wenye maandishi ya tafsiri hautaki hivyo. Ukigeuza uso kidogo tu, umepotewa na maana. Basi mtazamaji hutulia. Naye akitulia huona mengi ambayo asingeyaona: jicho la mpelelezi, mikono ya mama aliyefiwa, kiti kitupu mezani. Taabu ndogo ya kusoma humlipa faida kubwa ya kuona.

Pili, sauti ya asili huachwa kama ilivyo. Mtazamaji wa Forbrydelsen haelewi Kideni, lakini husikia jinsi mama wa Copenhagen anavyomlilia mwanawe, na kilio hicho hakihitaji mkalimani. Maandishi humpa maana. Sauti humpa moyo wa maneno. Baada ya sehemu chache hata maneno mafupi ya salamu na shukrani huanza kumkaa masikioni bila ya kufundishwa.

Tatu, ugeni wenyewe huvuta, maadamu ndani yake mtu hujikuta mwenyewe. Nyumba ni za wengine, mvua ni ya kwingine, lakini huzuni ya wazazi, hila za wanasiasa na ugomvi wa mume na mke ni vya kila mahali. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hadithi ngeni iliyopokewa vizuri humfanya mwenyeji aitazame upya nyumba yake.

Njia yetu sisi

Sisi nasi tu wapenzi wa michezo ya kigeni, ila tuliifikia kwa njia nyingine. Mwalimu Nyerere, ambaye lugha yake ya kuzaliwa ilikuwa Kizanaki, alichapisha mwaka 1963 tafsiri yake ya Kiswahili ya Julius Caesar ya Shakespeare, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Ilikuwa kazi ya mwalimu: kuonyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba mchezo wa mtu yeyote. Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya 1970, lakini Bara ilingojea hadi mwaka 1994. Ilipoenea mikanda ya video, vikazuka vibanda vya video mijini na hata vijijini, na ndani yake akazuka fundi mpya, yaani msimulizi wa filamu. Dar es Salaam ilimjua Lufufu, ambaye aliwasimulia watazamaji filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kenya ikamjua DJ Afro. Na Uganda ikapata wasimulizi wake wanaosema Kiganda.

Mwaka ule ule wa 2011, Waingereza walipokuwa wakisoma tafsiri za Kideni, televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha tamthiliya ya Kichina juu ya kijana mke Doudou na mama wakwe zake, wahusika wote wakiwa wamepewa sauti za Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China, alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013, aliitaja katika hotuba yake. Si ajabu. Ni nani kati yetu asiyejua habari za mke na mama mkwe?

Ni dhahiri basi kwamba ziko njia mbili za kumpokea mgeni. Njia moja ni kumfunika sauti na kumpa sauti ya kwetu. Ndivyo wafanyavyo kwa kawaida Wajerumani, Wafaransa, Waitalia na Wahispania. Njia ya pili ni kumwacha aseme na kuandika maana chini yake. Ndivyo wafanyavyo Wadeni, Waswidi na Waholanzi. Njia ya kwanza ina sifa zake. Humsaidia mzee asiyejua kusoma, na msimulizi hodari hueleza hata mila ambayo tafsiri ya neno kwa neno isingeieleza. Lakini ina kasoro moja kubwa: mwenye mchezo hasikiki tena. Tunamwona akifumbua kinywa, ila sauti itokayo si yake.

Mtoto mbele ya mchezo

Sasa tuingie darasani. Fikiria kijiji kilicho mbali na barabara kuu, upande wa Namanyere au kule bonde la Rukwa. Mtoto wa miaka sita au saba ametoka nyumbani akisema Kifipa. Mahali pengine mkoani atasema Kimambwe au Kilungu. Kwa lugha hiyo anajua kuhesabu mbuzi, kutaja ndugu zake, kutofautisha ulezi na magugu, na kusimulia hadithi aliyopewa na bibi yake. Siku ya kwanza mwalimu asimama mbele na kusema kwa Kiswahili fasaha. Mtoto huona kinywa kikienda. Hutazama mwenzake afanyavyo, naye hufanya vivyo hivyo. Mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" darasa zima hujibu kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Katika kukagua mazoezi ya kufundisha nimelisikia jibu hilo mara nyingi, na mara nyingi mtoto mmoja mmoja akiulizwa peke yake hunyamaza.

Mtoto huyo yumo mbele ya mchezo wa kigeni usio na maandishi ya tafsiri. Tena huhukumiwa kwa kutouelewa. Huitwa mzito. Hukalishwa nyuma. Na akijaribu kusema ajualo kwa lugha aijuayo, zipo shule ambazo humwadhibu. Hapo ndipo mwalimu anapogeuka kuwa sauti inayofunika: humwondolea mtoto sauti yake kabla hajampa nyingine, kisha hushangaa kwa nini yu bubu.

Wafipa ni watu wa hadithi. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alitoa mwaka 1978 kitabu juu ya sanaa simulizi ya Wafipa, kilichochapishwa na Clarendon Press ya Oxford. Hivyo msomaji wa Kiingereza ameweza kuzionja ngano za huku kwa njia ya tafsiri. Itakuwa kinyume cha mambo ikiwa hadithi inayopewa heshima Oxford itakosa nafasi katika darasa lililo hatua chache tu kutoka nyumba ya bibi anayeisimulia.

Hoja za wapinzani

Wako watakaosema kwamba lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za umma ni Kiswahili, na kwamba kuruhusu Kifipa ni kurudi nyuma. Nakubaliana nao katika jambo la kwanza. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, na mtoto asiyekimudu amefungiwa milango mingi. Ila sikubaliani nao katika la pili. Maandishi ya tafsiri hayaubadili mchezo wa Kideni kuwa wa Kiingereza. Mchezo hubaki wa Kideni. Vivyo hivyo neno moja la Kifipa, lililotajwa ili kumfungulia mtoto maana, haliligeuzi somo kuwa la Kifipa. Linamwezesha kubaki ndani ya somo. Lugha hizi mbili zote ni za Kibantu. Mtoto aliyezoea ngeli za Kifipa hana safari ndefu ya kufika kwenye ngeli za Kiswahili, ikiwa yupo wa kumwonyesha njia.

Wengine watasema: mwalimu ametoka Kagera au Kilimanjaro, Kifipa atakijulia wapi? Hoja hii ni nzito, lakini ina jawabu. Katika darasa lolote wapo watoto wawili watatu waliokwisha kuzoea Kiswahili, pengine kwa kuwa wazazi wao ni wafanya biashara au wamepata kukaa Sumbawanga mjini. Hao ndio wakalimani wako. Mtoto anayeombwa kumweleza mwenzake maana ya neno hupata heshima, na mwalimu naye hujifunza. Si aibu mwalimu kuuliza, "Nyumbani mwasemaje?"

Wa tatu watasema kwamba mjini watoto wengi wamekua na Kiswahili. Ni kweli, na hao nao wana faida katika jambo hili. Huko India, Brij Kothari alibuni mwaka 1996 mpango wa kuandika maneno ya nyimbo za filamu chini ya picha kwa lugha ile ile inayoimbwa, na mwaka 1999 ukaanza kujaribiwa katika televisheni jimboni Gujarat. Watu walizijua nyimbo hizo kwa moyo. Walipoimba, macho yao yalifuata maandishi, na kwa njia hiyo mtu aliyesoma kidogo tu akapata mazoezi ya kusoma nyumbani kwake. Fundisho lake kwetu ni hili: mtu husoma upesi kile ambacho maana yake amekwisha kuwa nayo.

La kufanya

Mwanachuo hahitaji umeme ili kuyatumia haya. Mnaijua televisheni ya boksi: boksi tupu, vijiti viwili, na mkanda wa karatasi za mifuko ya saruji uliochorwa picha. Mara nyingi huonyesha picha peke yake huku mwalimu akisema. Nashauri yafuatayo.

1. Chini ya kila picha andika sentensi moja fupi ya Kiswahili, kwa herufi kubwa zisomekazo kutoka nyuma ya darasa. Maandishi ya tafsiri katika filamu aghalabu hayazidi mistari miwili, kwa kuwa jicho lina kipimo chake. Ubao uliojaa maneno haumfai mtoto anayeanza kusoma.

2. Acha mtoto mmoja aseme kwa lugha ya nyumbani anachokiona katika picha. Usimkatize. Kisha mwenzake aseme kwa Kiswahili, na darasa lisome sentensi iliyoandikwa.

3. Chukua hadithi moja ya kijijini kila juma. Mtoto aisimulie kama alivyoipokea, nanyi pamoja muitoe kwa Kiswahili ubaoni, sentensi tano au sita tu. Hilo litakuwa somo la kusoma ambalo maana yake wanayo tayari.

4. Iga sifa njema ya msimulizi wa kibanda cha video, yaani kueleza. Neno kama "bahari" halina picha katika kichwa cha mtoto ambaye hajaiona. Mwanzie Ziwa Rukwa au Ziwa Tanganyika, kisha mpeleke mbele.

5. Punguza msaada hatua kwa hatua. Kadiri Kiswahili kinavyokomaa, lugha ya nyumbani itahitajika mara chache zaidi darasani, bila ya kudharauliwa.

Natahadharisha kwamba sisifu kila filamu ya kigeni. Nyingi za zile zionyeshwazo vibandani zimejaa risasi na mambo yasiyowafaa watoto, na mwanafunzi hana kazi kibandani saa za masomo. Ninachokisifu ni ule utaratibu wa kumpa mtu maana bila ya kumnyang'anya sauti mwenzake.

Waingereza, wenye lugha iliyotapakaa duniani, walikubali kukaa kimya na kusoma ili wamsikie Mdeni katika lugha yake, naye ni wa taifa dogo lenye watu wapatao milioni 6. Mwalimu wa Ufipa anaombwa jambo jepesi zaidi. Anaombwa amsikilize mtoto aliye mbele yake kwa dakika moja, kisha achukue chaki aandike.