Kuovateki kwenye kona za Kitonga

Mhariri,

Wiki iliyopita nilipanda basi kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam. Tukishuka Mlima Kitonga, dereva aliyapita malori matatu mfululizo kwenye kona, palipochorwa mstari mweupe usiokatika. Mama mmoja alipiga kelele. Konda akamwambia asimsumbue dereva.

Mstari ule haukuchorwa kuwa pambo. Unasema kwamba kutoka hapo huoni mbali vya kutosha. Magari mawili yanayokabiliana, kila moja likienda kilomita 80 kwa saa, humaliza zaidi ya mita 400 kati yao kwa sekunde 10, na basi linalopita lori refu huweza kuzitumia sekunde zote hizo. Madereva wengi hutegemea indiketa ya lori lililo mbele iwaambie kama njia iko wazi. Ni ustaarabu mzuri wa barabarani, lakini mwenye lori akikosea, anayekutana na gari uso kwa uso ni wewe.

Trafiki tunawaona na tochi zao kwenye vibao vya kilomita 50. Nawaomba wasimame na kwenye kona za Kitonga. Nanyi abiria wenzangu, dereva akivuka mstari ule, msinyamaze.

Abiria, Iringa