Mwajiri amefunga, deni la mshahara halijafungwa

Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kaunti ya Kwale, kilipozimika mwaka 1988, watu wa Bodo na vijiji jirani waliona ajira ikiyeyuka. Mwaka 2020, korona ilipofunga hoteli za Diani, waliokuwa pabaya zaidi ni walioajiriwa kwa mdomo tu na waajiri wadogo.

Hata hao wana haki. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi. Akishindwa kuyatoa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Ujumbe wa M-Pesa wa mshahara uliopita, sare, jina kwenye daftari la zamu: vyote vihifadhiwe kama ushahidi. Kampuni ikifilisiwa rasmi, Sheria ya Ufilisi ya 2015 hutanguliza mishahara ya miezi 4 ya mwisho, hadi Sh200,000, mbele ya wadai wasio na dhamana.

Adui ni muda. Dai hufa baada ya miaka 3, na ahadi za “njoo wiki ijayo” huila miaka hiyo kimyakimya.

Ili madai yapokewe mapema, Wizara ya Leba iwape maafisa wa kazi gari na mafuta wafike Bodo. Asiyelipwa atatoa wapi nauli ya kuwafuata mjini Kwale?