Kalkuleta za Kizamani Zimerudi kwa Kishindo, Ila Wanaozipigia Debe Hawajazipigia Hata Hesabu Moja!

Wadau, kaeni mkao wa kula. Leo hakuna staa aliyeachika wala harusi iliyovunjika. Leo ni kalkuleta. Ndiyo, kalkuleta! Na sio kile kikokotoo cha mafao kilichowatoa jasho wastaafu wa Bongo, hapana. Ni zile mashine ndogo za mainjinia wa Marekani za miaka ya 70 na 80. Sasa hivi zinatengenezwa upya, zinauzwa upya, na zimezaa mastaa wapya mitandaoni.

Majina hayatajwi hapa, wenyewe wanajijua.

Yupo yule jamaa wa video za kufungua boksi. Anaitoa mashine taratibu kama anafunua bibi harusi, anaipapasa, anaigeuza kwenye mwanga, anasema "hii ni historia wadau", halafu video inaisha. Hajabonyeza hata mbili jumlisha mbili.

Yupo wa pili, bwana kabati. Ana tatu za aina moja, zote bado ziko kwenye boksi lake. Anasubiri ziadimike ili aziuze kwa bei ya kuruka ukuta.

Na yupo wa tatu, mzee wa dhihaka. Kazi yake kupita kwenye kila posti na kuandika kitu kile kile: "Simu ina kalkuleta bure, nyie mmerogwa?"

Hawa watatu wanachambana kila siku, lakini ugonjwa wao ni mmoja. Wa kwanza anasifia sura, wa pili anauza sura, wa tatu anacheka sura. Hakuna anayeuliza swali lenye akili: hicho kitu kinatoa jibu sahihi? Na kikikosea, nani anawajibika?

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Ukitaka kurudisha kitu cha zamani, rudisha na kilichokifanya kiheshimike. Kurudisha ganda peke yake ni usanii.

Kwa nini zilikuwa dili

Mwaka 1972 kampuni ya Hewlett-Packard, hao HP wa kompyuta na printa, ilitoa mashine iitwayo HP-35. Ilikuwa kalkuleta ya kwanza ya kisayansi ya kushika mkononi. Jina lilitokana na idadi ya vitufe, 35. Mmoja wa waasisi wa kampuni, Bill Hewlett, alitaka kitu kitakachoingia kwenye mfuko wa shati, na kweli kikaingia.

Kabla ya hapo injinia alikuwa anatembea na rula maalum yenye kipande cha kuteleza katikati. Unavuta, unalenga mstari, unakadiria kwa macho. Ukipata tarakimu tatu za uhakika unashukuru Mungu. HP-35 ikaja na tarakimu 10, ina sini, kosaini, logi, kila kitu. Bei yake? Dola 395. Kwa thamani ya leo hiyo ni karibu dola 3,000. Na bado watu waliinunua kama maandazi ya asubuhi! Ndani ya miaka michache biashara ya zile rula ikafa kifo cha mende.

Sasa sikia sehemu ambayo bwana kabati hajawahi kukusimulia.

HP-35 za mwanzo zilikuwa na kosa. Ukiingiza 2.02, ukatafuta logi asilia yake, halafu ukairudisha kwa kitufe cha e kwa kipeo cha x, ilitakiwa upate 2.02 ile ile. Mashine ilikuwa inakupa 2. Ile 0.02 imeyeyuka! Wakati kosa linagundulika, kama mashine 25,000 zilikuwa zimeshauzwa.

Kampuni ilikuwa na njia rahisi, kukausha tu. Nani angejua? Hakukuwa na Twitter wala magrupu ya WhatsApp. Lakini waliwaambia wateja wao ukweli na kujitolea kuwarekebishia. Kalkuleta ya dola 395, kosa la namba chache, na bado wakasema leteni.

Hiyo ndiyo historia. Plastiki na rangi vilikuja baadaye.

Kuna watu walitoka jasho

Miaka 10 baadaye, 1982, ikatoka HP-15C. Hii ndiyo inayoliza watu mpaka leo. Imelala kwa upana kama simu unapoangalia muvi, inapiga hesabu za matriksi, inatafuta majibu ya milinganyo, inafanya intigrali. Kwenye kitu kidogo vile, mwaka 1982!

Nyuma ya hesabu zake kuna mtu anaitwa William Kahan, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Huyu alifanya kazi na HP kuhakikisha tarakimu za mwisho kwenye kioo sio za kubahatisha. Mwaka 1989 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ni kubwa kuliko zote kwenye fani ya kompyuta. Kwa hiyo ukishika 15C umeshika kazi ya kichwa kizito kweli kweli. Video nzima ya dakika 20 inaongelea "hisia za vitufe", jina la Kahan halitajwi hata kwa bahati mbaya. Aibu.

Halafu kuna ule mtindo wake wa kuandika hesabu unaowachanganya wageni. Hizi mashine hazina kitufe cha "sawa na". Unaingiza namba kwanza, alama inafuata. Ukitaka 3 jumlisha 4, zidisha kwa 5 jumlisha 6, unabonyeza 3, ENTER, 4, jumlisha, 5, ENTER, 6, jumlisha, zidisha. Jibu 77, mabano hayajaguswa. Chimbuko lake ni Jan Łukasiewicz, mwanalojia wa Poland aliyebuni njia ya kuandika hesabu bila mabano, HP wakatumia toleo lake la kugeuza nyuma mbele. Ukizoea, kalkuleta ya kawaida unaiona inakuchelewesha.

Waliorudisha ganda, na waliorudisha roho

Mwaka 2007 HP walisherehekea miaka 35 ya ile mashine ya kwanza kwa kutoa HP 35s. Sura ya kizamani, kitufe kikubwa cha ENTER, watu wakalia machozi ya furaha. Sherehe ilivyoisha wakaanza kuipigia hesabu. Ikagundulika ina orodha ya makosa. Mfano, kosaini ya nyuzi zinazokaribia sana 90 inatoka na tarakimu za mwisho zilizopotoka. Na haina mlango wowote wa mtumiaji kuingiza programu mpya, kwa hiyo makosa yaliyokuwemo yakabaki humo humo mpaka mashine ikaacha kutengenezwa.

Mtu atasema, kosa la tarakimu za mwisho haliangushi daraja. Sawa, haliangushi. Lakini Marekani mtihani wa leseni ya uhandisi una orodha ya kalkuleta zinazoruhusiwa, na kwa miaka mingi mpenzi wa mtindo wa ENTER alikuwa na HP mbili tu za kuchagua, 33s na 35s. Kwa hiyo mtu anaingia kwenye mtihani wa maisha yake na mashine ambayo dunia nzima inajua ina kasoro.

Mashine iliyotolewa kwa heshima ya HP-35 ikakosa kitu kimoja tu cha HP-35: ule moyo wa kusema "tumekosea, leteni". Unasherehekea babu yako kwa kuvaa koti lake, tabia yake umeitupa jalalani.

Baadaye ikarudi 15C yenyewe. Mwaka 2011 likatoka toleo maalum, likagombaniwa likaisha. Mwaka 2023 ikarudi tena kama toleo la wakusanyaji, bei kama dola 120. Nembo ni ya HP, lakini kazi imekabidhiwa kampuni nyingine kwa leseni. Ndani sio ile chipu ya zamani, ni prosesa ya kisasa inayoigiza chipu ya 1982 na kuendesha hesabu zile zile, tena kwa kasi kubwa zaidi. Hapo pongezi zao, maana kazi ya Kahan imebaki hai.

Ila hilo jina! "Toleo la wakusanyaji". Kalkuleta ya kukusanya? Nyundo ya kukusanya? Jina hilo ndilo linalompa bwana kabati kibali cha kununua tatu na kuzifungia, huku mwanafunzi anayeihitaji akisubiri mtandaoni aje apigwe bei. Kifaa cha kazi kikishaitwa pambo, fundi ndiye wa kwanza kukikosa.

Kwa upande mwingine, kule Uswisi kuna kampuni ndogo iitwayo SwissMicros. Mwaka 2017 walitoa DM42, iliyojengwa juu ya wazo la HP-42S ya mwaka 1988. Hawakujifanya wana siri. Ndani yake inaendesha Free42, programu ya Thomas Okken ambayo iko wazi, yeyote anaweza kuisoma mstari kwa mstari. Inapiga hesabu kwa tarakimu 34, wakati 42S ya zamani ilikuwa na 12. Ina mlango wa USB, kosa likionekana programu mpya inatolewa, unaiingiza mwenyewe nyumbani. Bei ilikuwa imechangamka kweli, ilizidi dola 200, hapo hakuna kuficha. Lakini hao ndio waliorudisha roho, maana wameacha njia ya kurekebisha makosa.

Mzee wa dhihaka, usicheke sana

Nusu ya hoja yake ni kweli. Free42 ipo kwenye simu, bure kabisa, na majibu ni yale yale. Injinia asiye na dola 200 hajapungukiwa hesabu, na yeyote anayemwambia vinginevyo anamuuzia upepo.

Lakini simu haiingii chumba cha mtihani. Kioo cha simu hakikuambii kidole kimegusa 5 au 8 mpaka uangalie. Na katikati ya hesabu ya nondo ngapi ziingie kwenye nguzo, inaingia meseji ya "umekula?" na umepoteza ulipokuwa. Mtu anayenunua chombo kinachofanya kazi moja vizuri hajarogwa. Mbona mzee wa dhihaka mwenyewe anavaa raba zilizotengenezwa upya kwa mfano wa miaka ya 80? Huko hakuna aliyemwambia amerogwa.

Na huku kwetu je?

Kwetu hizi HP hazijawahi kuwa za watu wengi. Mfalme wa madarasa ni Casio. Kenya, mtihani wa KCSE unaruhusu kalkuleta isiyopangika programu tu, kwa hiyo 15C ingeishia mlangoni. Lakini swali ni lile lile kwa aliyenunua mashine ya dola 200 na kwa aliyenunua ya bei chee kwenye meza ya Kariakoo: uliipima, au uliangalia jina tu?

Kupima ni bure. Weka kalkuleta yako kwenye nyuzi, sio radiani. Chukua 9. Bonyeza sini, kisha kosaini ya jibu hilo, kisha tanjenti. Halafu rudi nyuma: tanjenti ya kinyume, kosaini ya kinyume, sini ya kinyume. Unatakiwa kurudi pale pale kwenye 9. Wapenzi wa kalkuleta duniani wanaitumia sana hesabu hii, maana kila aina ya chipu huwa inaacha vijitarakimu vyake vya mwishoni, kama alama ya kidole. Ikikurudishia 9 kamili au karibu sana, umepata mashine. Ikikurudishia kitu cha mbali, hata kama ina nembo ya dhahabu, mrudishie mwenye meza yake.

Jamaa wa video, hiyo hesabu ni ya sekunde 15 tu. Iweke kwenye video inayofuata. Bwana kabati, fungua boksi moja uifanye, kisha mbili zilizobaki ziuze kwa bei uliyonunulia. Mzee wa dhihaka, ifanye kwenye hiyo simu ya bure kabla hujaandika tena.

Na nyie wadau, kalkuleta yako au simu yako imeleta ngapi? Dondosha jibu na aina ya mashine hapo chini kwenye comments, tuone nani katembea na mashine na nani katembea na ganda.