Herufi Moja Shilingi Ngapi? Tafakuri Kuhusu Kazi, Maarifa na Uandishi Kutoka Kijiji cha Raila

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliposema hivyo, bila shaka hawakuwa wamemwona mgeni aliyebeba hojaji. Mimi nilikuwa mgeni wa aina hiyo. Niliingia Raila, mojawapo ya vijiji vya Kibera jijini Nairobi, nikiwa na kalamu mbili, daftari jipya, kibali cha utafiti, na barua ya chuo yenye muhuri mkubwa kuliko maarifa yangu. Azma yangu ilikuwa kukusanya misemo iliyoandikwa kwenye vibanda, milango ya vinyozi na mbao za mikokoteni, kisha niivuke Barabara ya Ngong hadi Kawangware nikafanye vivyo hivyo. Data nilipata. Lakini nilipata pia maswali ambayo hayakuwamo katika hojaji yangu, na hayo ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya.

Nitasema ninaloamini bila kuzunguka mbuyu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuwaona wakazi wa mitaa kama Raila na Kawangware kuwa ni data, ilhali wao ni waandishi na wafasiri wa maandishi yao wenyewe. Hili si kosa la adabu tu. Ni kosa la kitaaluma pia, kwa kuwa linatufanya tusome vibaya na kuandika yasiyokuwapo.

Bei ya herufi

Huko Kawangware nilikutana na mzee mmoja mchoraji mabango. Aliniambia kuwa yeye hutoza kwa herufi. Mteja huja na sentensi ndefu iliyosheheni majigambo, akitajiwa bei huanza kupunguza. Kwanza huondoka vivumishi. Kisha huondoka viunganishi. Mwishowe hubaki maneno matatu au manne ambayo hayawezi kupunguzwa tena, na hayo ndiyo yanayopanda ukutani. Tangu nianze masomo nimepitia mikononi mwa wahariri wengi, lakini sijapata kuona mhariri mkali kama mfuko mtupu.

Mzee aliniuliza ninaandika nini mimi. Nikamweleza, kwa fahari kidogo, kwamba ninaandika tasnifu ya kurasa zaidi ya mia moja. Akaitua brashi yake, akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akauliza: "Na herufi zote hizo, kijana, analipa nani?"

Nilicheka. Usiku, nilipoifungua sura yangu ya kwanza, niliacha kucheka. Nilikuta utangulizi wa utangulizi. Nilikuta aya nzima inayoeleza kwamba sura ile ingeeleza jambo fulani, na nyingine mwishoni inayokumbusha kwamba jambo hilo limeelezwa. Swali la mzee lilikuwa na jibu: analipa msomaji. Hulipa kwa muda wake na kwa macho yake, na akiona bei imezidi bidhaa, hufunga kitabu akaenda zake. Ndiyo maana tasnifu zetu nyingi husomwa na watu watatu: aliyeiandika, msimamizi wake na mtahini wa nje, na kuhusu huyu wa tatu nina shaka kidogo.

Msomaji asidhani kuwa hekima hii ni ngeni katika lugha yetu. Mshairi wa tarbia aliyejifunga na mizani kumi na sita katika kila mshororo alikuwa akilipa kwa herufi. Mwenye kanga anayetaka jina la nguo yake litoshe kwenye nafasi yake, naye hulipa kwa herufi. Bahari za ushairi, kanga na bango la kinyozi vina mzazi mmoja, naye ni uhaba wa nafasi. Neno likiwa na bei, mtu hulipima kabla ya kulitumia. Likiwa la bure, hulimwaga.

Kesho isiyofika

Katika Raila kuna duka dogo la unga, sukari na mafuta ya taa, lenye kibao ambacho msomaji amewahi kukiona mahali pengi Afrika Mashariki: Leo hakuna mkopo, njoo kesho. Nilikinakili kwa furaha. Jioni ile nikaandika uchambuzi ambao niliuona mzito sana. Nikadai kuwa kibao kinadhihirisha jinsi uchumi wa fedha ulivyoua ujamaa wa Kiafrika, na kwamba neno "kesho" ni kejeli ya mwenye nacho kwa asiye nacho, maana kila siku inapopambazuka huwa ni leo. Msimamizi wangu alitia alama ya vema pembeni.

Wiki iliyofuata nilirudi dukani kuthibitisha tahajia. Nikiwa nimesimama pale, alikuja msichana aliyetumwa na mama yake. Hakuwa na pesa. Mwenye duka hakusema neno. Alipima unga kilo moja, akamkabidhi, kisha akatoa daftari lenye kurasa zilizokunjika chini ya kaunta, akaandika. Haya yote yalitendeka chini ya kibao chenyewe.

Nilimwuliza, "Mama, mbona kibao kinakataa na wewe unatoa?"

Akanijibu, "Kibao kinakataa ili mimi nisikatae, mwanangu. Nisiyemwamini nikimkatalia kwa mdomo wangu, kesho hatutasalimiana. Kibao kikimkatalia, ataudhika na kibao."

Mbele ya jibu hilo uchambuzi wangu wote ulianguka. Kibao hakikuwa sheria ya duka bali kinga ya ujirani. Hakikuandikwa ili kuua mkopo. Kiliandikwa ili mkopo uweze kuendelea bila kuvunja salamu. Mama yule alifahamu jambo kuhusu tabia ya binadamu ambalo halikuwa katika nadharia niliyoitumia: kwamba mtu anaweza kustahimili kunyimwa, ila si rahisi astahimili kunyimwa na mtu anayemtazama usoni. Kwa hiyo aliuhamishia ubao ule uso wake.

Na mimi ningaliupeleka uchambuzi ule wa kwanza kwa mtahini, na pengine ningalipewa alama nzuri. Hili ndilo linalonitisha. Kosa langu lilikuwa na tanakali za kitaaluma, lilikuwa na nadharia, lilikuwa na lugha nzito. Lilikosa tu dakika tano za kumwuliza mwenye kibao.

Milioni iliyopungua

Wala si mimi peke yangu niliyewahi kuisoma Kibera bila kuiuliza. Kwa miaka mingi iliandikwa katika magazeti, ripoti na hotuba kwamba Kibera ina wakazi milioni moja, au karibu na hapo. Kila mwandishi aliinukuu idadi hiyo kutoka kwa mwandishi mwingine, naye huyo kutoka kwa mwingine, hadi ikawa na heshima ya methali. Kisha sensa ya mwaka 2009 ikahesabu watu, ikapata 170,070. Wapo walioipinga hesabu hiyo, na ni haki yao. Hata hivyo, umbali kati ya idadi hizi mbili ni somo. Maarifa yanayotembea kwa kunukuliwa tu ni kama uvumi uliovaa tai.

Asomaye tasnifu zetu ataona milioni nyingi za aina hiyo. Tunaandika kwamba "vijana wa mitaa ya mabanda" hawathamini Kiswahili sanifu, na ukitafuta chanzo utamkuta mtafiti aliyemnukuu mtafiti. Kinyozi wa Raila anayezungumza Sheng na wateja wake huandika bango lake kwa Kiswahili ambacho mwalimu wa sarufi angekisahihisha kidogo tu. Anajua wapi pa kutumia ipi. Sisi tunaliita hilo umilisi wa mawasiliano. Yeye huliita kutafuta wateja.

Anayetoa mji ni nani?

Kijiji cha Raila kimebeba jina la Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata, eneo lililojumuisha Kibera, kuanzia mwaka 1992 hadi 2013, na aliyefariki Oktoba 2025. Wafuasi wake na wapinzani wake wanakubaliana angalau juu ya jambo moja: alipopanda jukwaani alipenda kutega vitendawili. Umati ulijibu "tega!" hata kabla ya kujua utategwa nini. Naona inafaa kwamba kijiji chenye jina hilo ndicho kilichonikumbusha kanuni ya sanaa hiyo.

Katika kitendawili, anayetega ndiye anayejua jibu. Anayeshindwa kufumbua hana budi kutoa mji ndipo apewe jibu. Yaani ujinga una gharama, na maarifa yana malipo, japo ni mji wa kubuni. Sasa itazame hojaji. Anayeuliza hajui. Anayeulizwa anajua, naye hujibu bure, amesimama juani, biashara yake ikingoja. Mwishowe yule asiyejua huondoka na jibu, akapewa shahada, na shahada ikampa mji wa kweli: ajira, nyumba, pengine na gari. Tumekipindua kitendawili. Asiyejua ndiye anayepewa mji.

Wanasiasa nao wamekopa bila daftari. Kauli "kazi ni kazi" nimeisikia kwa wasukuma mikokoteni na kwa akina mama wanaotoka Kawangware alfajiri kwenda kufua nguo katika nyumba za Lavington. Ni kauli ya mtu ambaye kazi yake imedharauliwa naye amekataa kudharaulika. Ndiyo maana hutasikia daktari wala hakimu akiisema kuhusu kazi yake. Hana wa kumjibu. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 kauli hiyo ilipandishwa jukwaani, chama cha UDA kikaitumia kuwa kaulimbiu, na wilibaro ikawa nembo. Maneno yalifika mbali. Waliokuwa wakiyasema tangu zamani walibaki kwenye mikokoteni yao.

Pingamizi moja na jibu lake

Msomi mwenzangu atanipinga, na ana haki: misemo hii haina mwandishi. "Njoo kesho" imeandikwa katika maduka yasiyohesabika, kwa hiyo nikimwita mama wa Raila mwandishi wake nitakuwa nimesema uongo. Isitoshe, tangu W. E. Taylor alipochapisha mkusanyiko wake wa methali za Waswahili mjini London mwaka 1891, hadi K. W. Wamitila alipotoa Kamusi ya Methali mwaka 2001, jalada limebeba jina la aliyekusanya, na waliosema wameitwa wahenga.

Nakubali sehemu ya pingamizi hilo. Maneno si ya mama yule. Lakini sote tunafundishwa kwamba methali haikamiliki mpaka itumike, na kwamba maana yake hukaa kwenye muktadha. Basi aliyechagua maneno, akayalipia kwa herufi, akayatundika mahali hasa panapohitajika, na akajua lini ayatii na lini ayapuuze, huyo ndiye mwenye maana. Yeye si chanzo cha msemo. Ni mfasiri wake wa kwanza. Na mfasiri hunukuliwa. Tena wahenga wa kale hatuwezi kuwauliza, wamekwisha kufa. Wahenga wa Raila wangali hai, wana simu, na kila mwisho wa mwezi wanalipa kodi ya nyumba.

Tufanyeje?

Sipendekezi makubwa. Kwanza, kila mwanafunzi anayekusanya fasihi ya mitaani arudi kwa wenyewe na kuwasomea uchambuzi wake kabla ya kuupeleka kwa mtahini. Wakicheka, ajiulize wanacheka nini. Pili, anayependa kutajwa kwa jina atajwe, na asiyependa aachwe. Tusiwaite wote "mhojiwa wa 14" kwa mazoea tu. Tatu, nakala ya tasnifu, au angalau muhtasari wake kwa Kiswahili chepesi, iwekwe mahali wanapoweza kuifikia. Kibera ina maktaba ya jamii. Rafu yake iko karibu na Raila kuliko rafu yoyote ya chuo kikuu. Nne, na hili nalisema nikijinyoshea kidole mwenyewe, tuandike kana kwamba kila herufi ina bei.

Sura yangu ya nne nimeiandika upya. Imepungua kurasa kumi na moja, na msimamizi wangu ameuliza zimekwenda wapi. Nilimweleza habari za daftari lililo chini ya kaunta. Alinyamaza kidogo, kisha akaifuta ile alama ya vema aliyoitia mwanzo.

Niliporudi Raila kumsomea mama mwenye duka ukurasa unaomhusu, alisikiliza mpaka mwisho huku akipima sukari. Kisha akasema maneno ni mazuri, ila mtu akisoma hivyo atajua kwamba kibao chake hakikazi, na wakopaji wataongezeka. Akaniomba nisitaje duka liko upande gani. Nimemtii. Msomaji akitaka kulitafuta, namwambia alivyosema mwenyewe ukutani: aje kesho.