SAFU YA MWALIMU: Simu Mkononi, Mkataba Shingoni



Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwezi huu napenda tulifungue daftari la nyumba zetu hapa Uingereza na tuutazame mstari mmoja ambao wengi huupita bila kuusoma, nao ni mstari wa simu. Kodi ya nyumba tunaijua, umeme tunaulalamikia, nauli ya basi tunaihesabu hadi peni ya mwisho. Ama fedha za simu, hizo huchotwa benki kila mwezi kimyakimya. Katika nyumba yenye baba, mama na watoto watatu wa skuli ya sekondari huwamo laini tano, na aghalabu hapana hata mmoja awezaye kutaja jumla yake.

Sisemi haya kwa kuidharau simu. Waliokuwa hapa katika miaka ya 1990 wanazikumbuka zile kadi tulizozinunua madukani, tukikwangua namba zake kwa sarafu. Kadi iliahidi saa nzima ya mazungumzo, ikakatika kabla hujamaliza kuulizia hali za wagonjwa. Leo mtu humwona mama yake uso kwa uso, naye mama yuko Unguja, Mombasa au Bujumbura. Hii ni neema, na neema haidharauliwi. Lakini kila kinachouzwa kina bei yake, na mwenye busara huijua bei yote kabla ya kutia saini.

HESABU YA MIEZI 24

Tangazo la dirishani hutuonyesha simu mpya inayong'aa, na chini yake imeandikwa kwamba siku ya kwanza hulipi kitu. Hapana simu ya bure, ndugu zangu. Bei yake imegawanywa vipande 24 na kufichwa ndani ya malipo ya kila mwezi.

Tuchukue kalamu kama tulivyokuwa tukifanya darasani. Tuseme mkataba ni wa pauni 38 kwa mwezi kwa miezi 24. Jumla yake ni pauni 912. Juu ya hapo, kampuni nyingi hupandisha bei mara moja kwa mwaka, aghalabu katika majira ya machipuko. Tuseme nyongeza ni pauni 1.80 kwa mwezi kila ifikapo Aprili, nawe umetia saini mwanzoni mwa Oktoba. Miezi sita ya kwanza hulipi nyongeza. Miezi 12 inayofuata unalipa pauni 1.80 zaidi kila mwezi, na miezi sita ya mwisho unalipa pauni 3.60 zaidi. Nyongeza peke yake ni pauni 43.20, na jumla kuu ni pauni 955.20.

Sasa tutazame nyumba ya pili. Wao wamenunua kwa fedha taslimu simu nzuri isiyo ya toleo la karibuni, iliyokarabatiwa na kuuzwa na duka linalotoa dhamana, kwa pauni 350. Kisha wamechukua laini peke yake, ya mwezi kwa mwezi, kwa pauni 10. Kwa miezi 24 laini hiyo ni pauni 240, na jumla yao ni pauni 590. Tofauti baina ya nyumba hizi mbili ni pauni 365.20 kwa simu moja tu. Ikiwa nyumbani mna simu tatu za namna ile ya kwanza, tofauti ni pauni 1,095.60. Hizo ni fedha ambazo, kwa nyakati nyingi za mwaka, zingemfikisha mmoja wenu kwa wazee na kumrudisha.

Hesabu hizi ni za mfano. Wewe weka za kwako. Hata hivyo, njia ya kuhesabu ni ile ile: zidisha malipo ya mwezi kwa miezi yote, ongeza nyongeza, ndipo ulinganishe.

Katika jambo la nyongeza, sharia imebadilika na yafaa tuijue. Zamani mikataba mingi ilisema tu kwamba bei itapanda kwa kiwango cha mfumuko wa bei na asilimia kadhaa juu yake. Maneno hayo yalionekana madogo hadi mfumuko ulipokuja. Katika mwaka wa 2023 wateja wengi walipandishiwa asilimia 14.4, na wengine asilimia 17.3, wakiwa ndani ya mkataba wasioweza kuuvunja bila ya kulipa. Kuanzia tarehe 17 Januari 2025, Ofcom, ambayo ni mamlaka inayosimamia mawasiliano hapa nchini, imezilazimisha kampuni kuitaja nyongeza kwa pauni na peni katika mikataba mipya, kabla mteja hajatia saini. Tusikosee hapa: kanuni hiyo haikukataza kupandisha bei, imelazimisha tu kwamba bei isemwe wazi. Ikishasemwa wazi, kazi ya kuisoma ni yetu.

MKATABA UNAPOKWISHA

Ziko kampuni zinazotenganisha deni la simu na malipo ya laini, na ziko zinazovichanganya viwili hivyo katika bei moja. Kwenye bei iliyochanganywa, miezi 24 ikitimia, simu imekwisha kulipwa. Lakini mteja asipotamka neno, anaweza kuendelea kulipa bei ile ile, kana kwamba ananunua mara ya pili simu iliyo mfukoni mwake. Mwaka 2018 shirika la Citizens Advice lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani wa biashara, likieleza kwamba katika masoko matano, simu za mkononi zikiwa miongoni mwake, wateja wa muda mrefu wanatozwa zaidi kuliko wapya. Yaani uaminifu wetu umegeuzwa kuwa mtego.

Tangu Februari 2020 kila kampuni inawajibika kumjulisha mteja kabla mkataba wake haujafikia mwisho, na kumweleza bei bora ilizo nazo. Ujumbe huo huja kwa maandishi ya simu, kwa barua pepe au kwa posta. Wengi wetu huufuta tukidhani ni tangazo jingine. Usiufute kabla ya kuusoma.

Na ikiwa hukumbuki mkataba wako unakwisha lini, andika neno INFO ulitume kwa namba 85075. Utajibiwa kama ungali umefungwa, na kama kuna faini ya kutoka. Ukitaka kuhamia kampuni nyingine na namba yako uiendeleze, tuma neno PAC kwa namba 65075. Utaletewa msimbo unaodumu siku 30. Uwape kampuni mpya, na kwa kawaida siku moja ya kazi inatosha kukamilisha uhamisho. Utaratibu huu umekuwapo tangu Julai 2019. Huhitaji kumpigia mtu simu, wala kubembelezwa nusu saa ili usiondoke.

Wako wanaoogopa kwamba laini ya bei nafuu haitashika mtandao. Ukweli ni kwamba minara ya simu nchini humu ni ya kampuni chache kubwa: EE, O2, na Vodafone na Three zilizoungana mwaka 2025. Kampuni nyingine zote hukodi njia katika minara hiyo. Giffgaff hupita kwa O2, Lebara kwa Vodafone, SMARTY kwa Three. Basi muulize jirani yako ni mtandao upi unaoshika vizuri mtaani kwenu, kisha utafute laini nafuu inayopita katika minara hiyo hiyo.

Aidha, tusinunue bando tusilolimaliza. Ndani ya simu yako, katika mipangilio yake, mna mahali panapoonyesha umetumia gigabaiti ngapi kwa mwezi. Mwenye waifai nyumbani na kazini mara nyingi hutumia chache, na huku analipia mia. Vile vile tujue kwamba dakika "zisizo na kikomo" aghalabu ni za namba za humu nchini. Namba inayoanza na 255, 254 au 968 huhesabiwa peke yake, na dakika chache za maongezi zinaweza kula bei ya mwezi mzima. Tangu Oktoba 2018 una haki ya kuiomba kampuni yako ikuwekee kikomo cha gharama zinazozidi mkataba. Iombe leo, khasa kwa laini walizo nazo watoto.

SAINI NI AMANA

Sasa nafika kwenye jambo lililonisukuma kuandika makala haya, nalo ni zito kuliko tofauti ya pauni kumi.

Mgeni anapowasili nchini hana historia ya mikopo, na kampuni ya simu humkatalia mkataba. Huja kwa shangazi yake au kwa mjomba, akasema, "Shangazi, nitilie saini tu, nitalipa mwenyewe kila mwezi." Shangazi hawezi kukataa, ni mtoto wa kaka yake, na huko nyumbani watasema nini? Akatia saini. Miezi mitano kijana akalipa. Mwezi wa sita kazi ikamponyoka, akahama mji, akanyamaza. Barua za madai zikaja kwa shangazi, kwa Kiingereza kigumu, zikawekwa juu ya kabati.

Jamaa zetu wengi wamepita njia hii. Mbele ya sharia mdaiwa ni mwenye saini, si mwenye kuitumia simu. Deni likitangazwa kuwa halikulipwa, alama yake hubaki katika kumbukumbu za mikopo kwa miaka sita. Katika miaka hiyo, mama huyo akitaka kukodi nyumba, kumbukumbu zake huangaliwa na jina lake huonekana baya. Undugu nao huingia ufa: hamtaki kijana arusini, na kaka hapigi tena simu kutoka nyumbani. Yote haya kwa simu iliyokwishavunjika kioo.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu ni ile ya Suratul Baqara inayotuamrisha kuliandika deni na kuliwekea mashahidi. Haikuamrisha hivyo kwa sababu waumini hawaaminiani, bali ili kuaminiana kwao kusije kukavunjika. Iweje basi sisi tutie saini ya miaka miwili mlangoni, na baina yetu na ndugu yetu pasiandikwe hata mstari mmoja?

Iko njia iliyo bora, nayo haihitaji kumkatalia mtu kwa ukali. Laini ya siku 30 inayolipiwa kabla ya kutumiwa haihitaji ukaguzi wa mikopo. Mnunulie mgeni wako laini hiyo, mlipie hata miezi mitatu kama sadaka na ukarimu wa jamaa, na umpe simu yako ya zamani iliyolala mtotoni mwa meza. Ukimpa hivyo, umetoa kinachojulikana kipimo chake. Ukimtilia saini, umetoa usichokijua mwisho wake. Na aliyekwisha kutia saini, naye sasa anasumbuliwa, asizifiche barua. Aizungumze na kampuni mapema, na aende kwa Citizens Advice, ambako ushauri hutolewa bila ya malipo.

Wale walio katika dhiki wasione haya kuuliza. Ziko bei maalumu za intaneti ya nyumbani, na chache za simu za mkononi, kwa wanaopokea misaada ya serikali kama Universal Credit na Pension Credit. Tangu mwaka 2021 iko pia hazina ya taifa ya bando, ambayo hutoa laini zenye intaneti bure kwa wasiojiweza kupitia vituo vya jamii na baadhi ya maktaba. Ulizeni maktaba ya mtaani kwenu.

KAZI YA NYUMBANI

Mwalimu hastaafu kutoa kazi ya nyumbani. Jioni moja ya wiki hii, baada ya chakula, kaeni jamaa nzima na daftari. Pigeni mistari mitano: nani anatumia laini, imeandikwa kwa jina la nani, inalipwa kiasi gani, mkataba unakwisha tarehe ngapi, na gigabaiti ngapi zilitumika mwezi uliopita. Barua za Kiingereza mpeni mtoto asome kwa sauti na kuzifasiri. Atajifunza lugha mbili na hesabu kwa wakati mmoja, na siku atakapotia saini yake mwenyewe, atasoma kwanza.

Kisha chagueni laini moja tu, ile iliyokwisha muda wake, muihamishe. Kitakachobaki kila mwezi kitieni mahali pake, wala kisipotee sokoni. Bibi anayengoja sauti yenu huko nyumbani naye ananunua bando kwa fedha yake. Mpelekeeni fungu lake, ili siku mkimpigia, simu yake iwe hai na apokee.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.