Mbolea ya mkimbizi, mavuno ya mwenye shamba

Ndugu wasikilizaji wa Minova na vilima vya Kalehe, na ninyi familia mliotoka Masisi mnaolima mashamba ya kukodi: kila mwisho wa msimu kuna wizi unaofanyika huku kwetu, nasi tunauita desturi.

Tuangalie kwanza kazi yenyewe. Mama anaamka giza lingalipo. Anachota maji, anakusanya mavi ya mbuzi na ya dende, anayabeba hadi shambani. Mbolea ya dukani hana pesa zake, basi anachimba shimo: majani mabichi, maganda ya ndizi, majivu, mavi, kisha anafunika na majani ya mgomba. Anageuza kwa jembe, anamwagia maji jua likikaza. Inahitaji miezi 3 hivi kuiva. Wadudu wakiingia kwenye mashu, anaponda pilipili, anachanganya na maji ya sabuni, ananyunyiza. Kwenye mteremko anachimba mitaro na kupanda majani ya mifugo pembeni, mvua isipeleke udongo ziwani. Watoto wakitoka masomo wanang'oa magugu. Hata Jumapili mbuzi anakula.

Maharagi hukaa shambani karibu miezi 3, na mapatano ya mdomo ni ya msimu mmoja tu. Lakini mbolea ya namna hii haiishi kwa msimu mmoja. Inalisha udongo msimu wa pili na wa tatu, na mitaro inabaki. Mama anapoona udongo umeanza kuwa mweusi, mwenye shamba naye ameuona. "Mama, msimu ujao nitalima mwenyewe." Au bei inapanda ghafla. Mama anapewa kipande kingine chenye mawe, aanze upya, na juu ya kodi bado anadaiwa siku za kulima bure kwa huyo huyo bwana.

Wenye mashamba watasema: mkimbizi akizoea, kesho atadai udongo. Hofu hiyo ina sababu; ndiyo maana wanakataza kupanda migomba na miti. Basi iandikweni! Karatasi inayotaja mwenye shamba, mipaka, miaka na mimea inayoruhusiwa inamlinda yeye kuliko mtu yeyote.

Serikali nayo isijifiche. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya Serikali, na kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais kuhusu ardhi za desturi. Miongo ilipita bila amri hiyo kutoka, na mnyonge akabaki na neno la mdomo.

Mashirika yanayofundisha akina mama kutengeneza mbolea, yanagawa jembe na mbegu, yanapiga picha. Mbona hayaulizi shamba ni la nani na kwa muda gani? Kumfundisha mtu kunenepesha udongo atakaonyang'anywa ni kumfanyia kazi mwenye shamba.

Tunadai mkataba wa miaka 3, wenye sahihi mbele ya chefu wa kijiji na mashahidi wa pande zote mbili, kabla ya mvua za Septemba. Mwenye shamba akitaka kulirudisha mapema, alipe mbolea na mitaro. Na hiyo sahihi ya chefu isiombewe mbuzi.