Chungu cha talbina baada ya wageni kuondoka



Anayetoka mjini Karatu kupanda kuelekea lango la Lodoare, mlango wa Ngorongoro, hupita kwenye ardhi iliyobarikiwa nafaka na kunde: ngano, mahindi, ngwara na mbaazi. Katika nyanda hizi za kaskazini hustawi pia shayiri, na sehemu kubwa ya shayiri inayolimwa nchini hununuliwa na viwanda vya bia. Nafaka iliyotajwa katika Sunna kuwa faraja ya moyo, kwetu huishia katika kileo, ambacho huzidisha sonona kwa anayekitumia kuikimbia huzuni yake.

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kwamba Bi Aisha (Allah amridhie), alipofiwa na mtu wa nyumbani kwake, wanawake walikusanyika. Walipotawanyika, wakabaki jamaa na watu wake wa karibu, aliagiza kipikwe chungu cha talbina, uji mwepesi wa shayiri. Akawataka wale, kwa kuwa alimsikia Mtume (Rehema na amani zimshukie) akieleza kuwa talbina humpumzisha mgonjwa moyo wake na huondoa sehemu ya huzuni.

Tuzingatie mambo mawili hapa. La kwanza ni wakati. Chungu kiliinjikwa baada ya umati kuondoka. Kwetu masufuria ya matanga hujaa siku tatu za mwanzo, kisha jiko la mjane hupoa. Hashiki mwiko, hunywa chai ya rangi asubuhi na jioni, na hakuna anayeuliza. La pili ni neno “sehemu”. Chakula hakikuahidiwa kuondoa huzuni yote.

Utafiti wa kitabibu nao umefika karibu na hapo. Mwaka 2017 Profesa Felice Jacka na wenzake wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watu 67 wenye sonona. Kundi moja lilisaidiwa kwa wiki 12 kubadili mlo: mboga, matunda, kunde, nafaka zisizokobolewa na samaki kwa wingi, na kupunguza vyakula vya sukari na vya kukaangwa. Kundi la pili lilipata mtu wa kuzungumza nao tu. Mwishoni, takriban thuluthi ya kundi la mlo walikuwa wamepata nafuu kamili, dhidi ya asilimia 8 ya kundi la pili. Jaribio lilikuwa dogo, na wengi wao waliendelea na tiba zao za kawaida. Kwa hiyo mlo ulisaidiana na tiba, haukuchukua nafasi yake.

Mlo huo hauhitaji duka la ughaibuni. Maharage, ngwara na mbaazi zimo katika soko la Karatu. Vitunguu hutoka Mang'ola, na kambale na perege hutoka Ziwa Eyasi. Mchicha na mnavu huota nyuma ya nyumba. Kunde na mboga za majani zina madini ya chuma na foleti. Mwenye upungufu wa damu huchoka, hukosa raha na kushindwa kazi, hata akadhaniwa ana sonona. Chai inywewe mbali na mlo, kwani huzuia mwili kufyonza chuma. Limau au chungwa husaidia.

Kwa ndugu zetu wafugaji wa Ngorongoro hali ni tofauti. Kilimo hakiruhusiwi ndani ya eneo la hifadhi, hivyo unga na maharage hununuliwa. Maziwa yanapopungua, mlo hubaki ugali na chai yenye sukari nyingi. Katika nyumba hiyo maziwa kidogo yanayopatikana, yenye vitamini B12, yasiuzwe yote, na fedha ya mbuzi inunue maharage pamoja na unga. Na madereva wa watalii wanaoshinda kwa kahawa kali na chipsi wajue kuwa kahawa nyingi huongeza mapigo ya moyo, wasiwasi na kukosa usingizi.

Talbina yenyewe ni nyepesi. Koroga vijiko viwili vya unga wa shayiri isiyokobolewa katika kikombe cha maji, chemsha kwa moto mdogo dakika kumi hadi kumi na tano, kisha ongeza maziwa na asali kidogo.

Hata hivyo, huzuni ikidumu wiki mbili au zaidi, mtu akapoteza usingizi, hamu ya kula na hamu ya maisha, apelekwe hospitali. Akizungumzia kujiua, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo. Aliyeandikiwa dawa asiziache ghafla kwa sababu ya uji wala funga. Ramadhani inapokaribia amwone daktari mapema. Wala tusimwambie kuwa imani yake ni haba. Nabii Yaaqub (amani imshukie) alihuzunika hadi macho yake yakawa meupe, naye alikuwa Nabii.

Basi wiki hii tumkumbuke mmoja aliyefiwa miezi iliyopita. Tumpelekee bakuli la uji, tukae tule naye. Allah azipe nyoyo zilizovunjika utulivu, na atujaalie kuwa sababu ya utulivu huo. Amin.